Ukija Marangu na kamera, anza kwa kuupa mlima kisogo

Kila anayeshuka kwenye Noah pale Marangu Mtoni akiwa na kamera shingoni huuliza lilelile: "Samahani dada, Kibo inaonekana wapi?" Kibo ndicho kilele kirefu zaidi cha Mlima Kilimanjaro. Nina kibanda cha picha karibu na stendi, cha paspoti saizi, fotokopi na kusafisha picha za kipaimara na harusi, kwa hiyo wengi huanzia kwangu wakitafuta betri au memori kadi. Namwonyesha kwa mkasi nilioushika: pale, juu ya migomba ile, kama mawingu hayajafunga. Piga, maliza hamu yako, halafu tuongee kazi.

Kibo yenyewe haina shida ya mpiga picha. Iko kwenye chupa za bia, chupa za maji, kalenda za ofisini na kuta za hoteli kuanzia Himo hadi Arusha. Kinachokosa mpiga picha ni huku chini kwenye mteremko tunakoishi: vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu, mifongo ya maji, maporomoko, viwanja vya mpira vilivyoinama upande mmoja, watoto wanaoserereka kwenye nyasi, wazee wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda, ndugu wa Dar wanaokuja Desemba na raba nyeupe. Simama, upe mlima kisogo, uone kuna nini mbele yako. Ukishazoea hivyo, hata mlima utaupiga vizuri zaidi, kwa sababu utakuwa unajua unauweka nyuma ya nini.

Jua linatokea Taveta

Marangu iko kusini mashariki mwa Kibo. Ukiukabili mlima, Kibo iko mbele yako kidogo kushoto, Mawenzi, kilele cha pili chenye meno, iko kulia. Jua linachomoza upande wa Taveta, yaani kulia kwako, na kuzama upande wa Moshi, kushoto. Maana yake asubuhi mlima unapigwa na mwanga wa ubavuni, na kila korongo na kila mstari wa barafu unasomeka. Jioni jua linakwenda kuzama upande wa pili, mlima unabaki umbo jeusi lililobandikwa angani. Umbo jeusi nalo ni picha, ila si ile uliyoifuata.

Tuko karibu sana na ikweta, nyuzi kama tatu tu kusini yake, kwa hiyo jua letu halizungukizunguki. Linapanda moja kwa moja. Mwanga ule mtamu wa rangi ya asali unaosifiwa na wapiga picha wa nchi za kaskazini, wanaoufaidi kwa saa nzima na zaidi, huku kwetu unaisha ungali unatafuta kifuniko cha lenzi. Mwezi Novemba mapema jua huchomoza dakika chache tu baada ya saa 12 asubuhi. Februari na Julai husogea hadi baada ya saa 12 na nusu. Wewe uwe umesimama mahali pako nusu saa kabla. Kilele cha mita 5,895 huliona jua kabla yako, kwa hiyo kuna dakika chache ambazo Kibo imeshawaka waridi na huku chini bado kuna giza la buluu, moshi wa jikoni unapenya kwenye mabati. Hizo ndizo dakika za kugeuka huku na huku: picha moja ya juu, picha tatu za chini.

Baada ya hapo unashindana na wingu. Jua likishaupasha mteremko, hewa yenye unyevu wa msituni na mashambani huanza kupanda. Ikifika juu inapoa na kuwa wingu. Siku nyingi kufikia saa 3 au saa 4 asubuhi mkanda wa msitu umeshavaa blanketi na Kibo imekwenda zake. Watalii hununa. Mimi siku hiyo ndipo nafurahi, maana wingu jepesi ndilo mwanga bora wa maporomoko, wa msitu na wa nyuso za watu. Jioni hewa ikianza kupoa, mara nyingi wingu huvunjika tena kuanzia saa 11 na nusu, na mlima unachungulia kidogo kabla ya giza.

Kuhusu miezi: Januari na Februari asubuhi ni safi, ingawa tambarare ya Himo hujaa vumbi na milima ya Upare haionekani vizuri. Masika, Machi hadi Mei, ni matope, lakini mvua ikikatika kwa asubuhi moja hewa inakuwa imeoshwa, Kibo ina theluji mpya, na ukigeuka nyuma unaona hadi bwawa la Nyumba ya Mungu likimetameta. Juni na Julai ni baridi na ukungu. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya kilele anaweza kukaa wiki nzima asikione. Mimi huwa namwambia mtu wa Julai aje na mawazo ya ukungu: migomba inayofifia mmoja baada ya mwingine, mama na mwavuli barabarani, ng'ombe anayetoa mvuke puani.

Chini ya migomba

Hapa ndipo kamera nyingi zinapochanganyikiwa. Kihamba ni ghorofa. Juu kabisa kuna mringaringa na mgrevilea, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na maharage. Kilimo hiki cha tabaka kimetambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia, kwa mfano wa Shimbwe Juu, upande wa Moshi. Kwa mpiga picha, ghorofa zote hizo zina maana moja: mwanga unaofika chini umechujwa mara nne, na unafika ukiwa madoa madoa.

Saa 6 mchana doa moja la jua likitua shavuni mwa mtu, hakuna programu itakayolitoa. Usimpige mtu hapo. Mwombe asogee hadi ukingo wa kihamba, pale kivuli kinapokutana na barabara, yeye abaki kivulini akitazama nje. Barabara zetu ni za udongo mwekundu; jua likiugonga udongo ule linarudi juu likiwa na joto, na uso unang'aa bila taa yoyote. Ukuta wa nyumba uliopakwa rangi ya krimu unafanya kazi hiyohiyo.

Akibaki katikati ya migomba utaona jambo jingine, ngozi inakuwa na ukijani. Ni majani yanayomrudishia mwanga wao. Kwenye kamera weka mizani ya rangi kwenye alama ya wingu au kivuli. Kwenye simu irekebishe baadaye, usogeze rangi kidogo kuelekea waridi. Kidogo. Nimeona picha za kipaimara ambazo mtoto amekuwa rangi ya machungwa kwa sababu fundi alisogeza hadi mwisho.

Na kwa kuwa tunazungumzia ngozi: kamera haijui anayepigwa ni nani, inatafuta wastani wa mwanga tu. Nyuma ya mtu mweusi kukiwa na anga jeupe, kamera inapunguza mwanga na uso unakuwa mkaa. Uso ukijaza fremu, kamera inafanya kinyume, inaongeza mwanga hadi ngozi inakuwa ya kijivu kama imepakwa majivu. Dawa ni kupima mwanga usoni. Kwenye simu gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha uburute kidole juu au chini hadi ngozi iwe ile unayoiona kwa macho. Anga ikiungua, iache iungue. Bora anga iliyopotea kuliko bibi aliyepotea.

Theluji nayo ina hila yake. Ukiivuta Kibo kwa lenzi ndefu ikajaa fremu, kamera huigeuza ya kijivu. Ongeza mwanga kidogo. Ikiwa ndogo juu ya shamba lenye kivuli, kamera hufuata shamba, na theluji inakuwa doa jeupe lisilo na kitu ndani, hapo punguza.

Wengi hulalamika kuwa mlima "umekuwa mdogo" kwenye simu. Haujawa mdogo, ni lenzi pana ya simu inayousukuma nyuma. Rudi nyuma wewe, hata mita hamsini au mia, kisha vuta kwa lenzi ya mara tatu, au milimita 85 hadi 200 ukiwa na kamera. Kanisa, goli la mpira, bodaboda aliyebeba mkungu wa ndizi, vyote vitabaki saizi ileile kwenye picha, na mlima utakua nyuma yake. Usivute kwa kupanua vidole kwenye simu isiyo na lenzi ya kuvuta. Hapo unakata picha tu na kupata ukungu.

Mfongo ni zawadi nyingine ya kihamba. Hii ni mifereji ya wazee wetu ya kushushia maji kutoka juu, na inakwenda kwa kufuata ubavu wa mlima, kwa hiyo inachora mstari mzuri sana kwenye picha. Lala chini, weka lenzi sentimita chache juu ya maji, uuache mstari ukuvute hadi mwisho. Shule zikifungwa watoto hushindanisha vipande vya mgomba kama mitumbwi humo. Kaa mkondo wa chini, wakukimbilie.

Maporomoko

Yaliyo karibu na Mtoni ni Kinukamori. Unatembea tu hadi hapo. Juu yake kuna sanamu za msichana Makinuka na chui, na mwongozaji atakusimulia hadithi yake, msikilize. Kilasiya na Ndoro nayo hayako mbali. Kote kuna kiingilio. Lipa, chukua risiti, na mchukue kijana wa hapo akuongoze, maana ngazi zina utelezi na yeye anajua jiwe lipi linacheza.

Maji yawe kama hariri au yawe matone? Amua kabla ya kushuka. Kwa hariri unahitaji nusu sekunde hivi, kati ya robo na sekunde nzima. Ukizidisha, maji yanakuwa moshi na hayana nguvu tena. Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, kamera juu ya stendi. Huna stendi? Jiwe kavu na kofia iliyokunjwa vinatosha, na tumia kihesabu cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Simu nyingi siku hizi zina namna ya kuchukua picha ya muda mrefu. Kwenye iPhone piga picha ya Live, kisha ibadilishe baadaye iwe ya Long Exposure. Filta ya polaraizi ni kitu kimoja ninachomshauri mtu anunue hata kama hana hela ya lenzi: ukiizungusha, mng'ao wa kwenye mawe na majani mabichi unatoka na kijani chenyewe kinajitokeza. Kwenye simu unaweza kuishika kwa mkono mbele ya lenzi.

Kilasiya iko ndani ya korongo refu, jembamba. Kanuni zangu zote za asubuhi hazifanyi kazi pale, jua halifiki chini. Ama uende siku ya wingu upate mwanga sawasawa, ama uende adhuhuri uvizie mwale unaoingia kutoka juu na kupita kwenye mvuke wa maji.

Mvuke huo ndio adui. Beba kitambaa, kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi kinashinda vile vya dukani. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, kwa hiyo wale waliozoea kuvalisha kamera mfuko wa Rambo wameachwa njiani. Kofia ya kuogea, ile ya lastiki inayotolewa bure hotelini, inafunika kamera vizuri kuliko mfuko, na inaingia mfukoni.

Watoto huogelea kwenye madimbwi ya chini, wengine bila nguo. Hapo kamera inashuka, hakuna mjadala. Ukitaka picha ya kuruka majini, tafuta vijana wakubwa waliovaa bukta, waombe, kaa chini usawa wa maji, kasi ya shata 1/1000 ya sekunde, uwe umeshalenga mahali pa kurukia kabla hawajaruka.

Anayepanda utapata mgongo

Kwenye mteremko kuna jambo ambalo mtu wa tambarare halifikirii. Anayepanda ameukabili mlima. Ukisimama chini yake unapata kisogo chake. Anayeshuka ameupa mlima mgongo; ukisimama chini, unapata uso wake na Kibo nyuma yake. Picha zangu nilizouza kwa bei nzuri, karibu zote ni za watu wanaoshuka.

Chukua Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi tangu mwaka 2003. Wapiga picha wote hujazana uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, kwenye mstari wa kumalizia. Wewe panda barabara ya Mweka, tafuta mahali miti imeachia nafasi, uwasubiri wakianza kuteremka. Mkimbiaji anayepanda kule amekunja uso na kuangalia lami. Akigeuka kuteremka anainua kichwa, anatabasamu, na mwanga wa asubuhi unampiga ubavuni. Shata 1/500 au zaidi. Na uwahi, kabla blanketi la wingu halijavaliwa.

Wanaoshuka kutoka geti la Marangu ni hivyohivyo. Wageni hupigwa picha sana wakiwa safi asubuhi ya kupanda. Mimi napenda siku ya kushuka, midomo imepasuka, buti zina vumbi. Wapige pia wagumu, yaani wapagazi. Kila mmoja anaruhusiwa kubeba hadi kilo 20 za mzigo, na wengi wao ni vijana wa vijiji hivihivi unavyopita. Muulize jina, uliandike. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, majina yao yaliingia vitabuni palepale; Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kama kiongozi wao, dunia ilichelewa sana kumjua. Maelezo ya picha yasiyo na jina la aliyebeba mzigo yanaendeleza mchezo uleule.

Mpira wa miguu jioni: kiwanja chetu kimoja kina goli la juu na goli la chini, na mpira ukipotea unatafutwa kwenye kahawa ya jirani. Kaa nyuma ya goli la chini. Timu inayoshambulia inateremka kwa kasi inakujia, vumbi linapanda, jua la upande wa Moshi linalipenya vumbi. Hapo geuza kanuni: piga kuelekea jua, uache wachezaji wawe vivuli, vumbi liwe dhahabu. Baiskeli na yale magari ya mbao ya watoto yenye magurudumu ya mbao yanahitaji mkono mwingine: shata 1/30, mfuate kwa kiuno chako chote, bonyeza ukiwa bado unazunguka. Yeye atatulia, migomba itakuwa mistari. Nyingi zitaharibika, futa bila huruma.

Desemba ni msimu peke yake. Ndugu wanarudi nyumbani kutoka kila kona, barabara zinajaa magari ya namba za mjini, na kila ukoo unataka picha ya pamoja, babu katikati. Usiwapange mstari mmoja mrefu; mteremko umekupa ngazi bure, watumie. Wafupi chini, warefu juu, wewe simama juu ya stuli ili nyuso zote zikutazame na migongo ya magari isionekane. Halafu baada ya picha rasmi usiondoke. Watu wakishapewa mtori na pombe ya mbege wanalegea, wajomba wanaanza kushindana kukimbia na watoto, na hapo ndipo albamu inapopatikana.

Kuomba

Hii sehemu haina mipangilio ya kamera, lakini ndiyo inayoamua urudi na nini. Vihamba havina uzio wa kutisha; kuna masale tu kwenye mpaka. Mgeni anaona majani mazuri, anapita. Pale ni mlangoni mwa mtu. Na ndani ya kihamba kuna makaburi ya ukoo. Huyapigi bila mwenyewe kukuambia.

Piga hodi kutoka njiani. Kamera iwe begani, si mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Swali hilo si la kukufukuza. Jibu: umetoka wapi, umefikia kwa nani, umekuja kufanya nini. Mimi ni binti wa hapa na bado naulizwa mimi ni wa ukoo upi kabla sijakaribishwa. Ukishajibu, zungumza habari za kahawa, za mvua, za ng'ombe. Ndipo useme: "Babu, naomba nikupige picha ukiwa hapo kwenye kahawa yako. Nitakuletea yako." Neno la mwisho ndilo zito. Watu wa mteremko huu wamepigwa picha na wageni miaka nenda rudi na hawajawahi kuziona. Ukisema utaleta, ulete.

Akikataa, shukuru, endelea kunywa chai uliyopewa. Mara nyingi anayekataa Jumatatu anakuita mwenyewe Alhamisi akiwa amevaa koti. Mtoto, muulize mzazi au bibi yake. Mtoto kukubali haitoshi. Kwenye kilabu cha mbege usitoe kamera kabla ya kukaa, na hata ukikaa muulize mwenye kilabu kwanza, kuna walioaga nyumbani kuwa wanakwenda shambani.

Jumapili baada ya ibada ni siku nzuri ya kupiga watu wakitembea, kanga na suti dhidi ya ukijani wote ule. Nguo nyekundu na njano zinashinda. Ukipanga picha na rafiki yako, mwambie aache ile fulana ya kijani nyumbani.

Begi na sheria

Begi lako lisizidi unachoweza kubeba ukivuka mfongo kwa mguu mmoja. Simu nzuri inatosha kwa theluthi mbili za kazi hii. Kamera iwe na lenzi moja fupi na moja ndefu. Betri ya akiba ilale ndani ya shuka ulilolala nalo. Baridi ya alfajiri inanyonya chaji. Gambuti miezi ya masika, raba zenye meno miezi mingine. Unyevu wa huku huotesha kuvu ndani ya lenzi, kwa hiyo nyumbani weka kamera kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukitoka baridini usiifungue ndani ya nyumba yenye joto hapohapo. Iache ndani ya begi kwanza, la sivyo lenzi itatoka jasho.

Droni: usirushe kwa sababu tu hakuna anayekuona. Kuna usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na ndani ya hifadhi hairuhusiwi bila kibali cha hifadhi yenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro inaanzia msituni. Kuingia kuna malipo hata kama unataka picha ya mbega tu, au ya lile ua dogo jekundu na njano, Impatiens kilimanjari, lisiloota kwingine duniani. Ukielekea Holili, mpakani usipige askari wala majengo yao.

Baada ya kushuka

Usiku uleule hamishia picha sehemu mbili. Umeme ukikatika, hamishia kwenye simu. Faili liite kwa tarehe, kijiji na jina la mtu: 2025-02-14_Kilasiya_MamaNeema. Jina la "IMG" na namba halitakusaidia mwakani mtu akija kuulizia picha ya marehemu baba yake, na watakuja.

Kisha chagua sehemu moja tu, jiwe, kona ya barabara, dirisha lako, na kila mwezi upige Kibo kutoka hapohapo, kwa lenzi ileile, asubuhi. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imeshakwenda. Picha moja haionyeshi kitu. Picha za miaka kumi kutoka dirisha moja, mwalimu wa jiografia atakuja kuziomba kwa unyenyekevu.

Za watu, zisafishe. Saizi ya posta inatosha, ya karatasi ya kung'aa, na andika nyuma kwa kalamu ya risasi ili wino usipenye. Ukiwa mgeni unayeondoka kesho, mwachie mtu wa studio mafaili na hela ya kusafishia, pamoja na majina na vijiji. Sisi tutawafikishia siku ya soko, maana siku ya soko kila mtu anapita Mtoni.

Hoteli au kampuni ya utalii ikitaka picha yako, usiwape kwa ahadi ya kutajwa jina. Muulize mnunuzi itatumika wapi na kwa muda gani, muandikiane hata kwa ujumbe wa simu. Na kama ndani yake kuna mtu, mpigie kwanza aliyemo, umweleze itakwenda kwenye tangazo, mkubaliane fungu lake kabla hujataja bei yako. Namba yake iandike siku ileile unayompiga picha, chini ya jina lake, na uandike na ya jirani, kwa sababu simu za huku hubadilishwa laini kila msimu wa kahawa.